Maji Matamu ya Jobeda

Kabla ya mambo ya rangi kuanza, hakukuwa na maji mjini Nolchira yaliyosifiwa kama ya Jobeda. Pampu yake ya mkono ilisimama uani kando ya migomba, na maji yaliyotoka hapo yalikuwa maangavu, mepesi, yenye utamu wa mbali ambao watu walishindwa kuueleza, wakaishia kulambalamba midomo tu. Mwenye harusi alituma ndoo kwa Jobeda ili pilau isiharibike. Ramadhani ikiingia, sharubati ya kufuturia msikitini ilichanganywa kwa maji ya Jobeda. Mwenyewe hakumnyima mtu. Alichotaka ni kuombwa kwanza, kisha kushukuriwa kwa sauti, tena sauti ya kufika upande wa pili wa uzio.

Upande wa pili wa uzio huo wa mianzi aliishi Anwara, mjane mrefu, mtaratibu, aliyekaanga bisi za mchele na kuwauzia wenye vibanda. Anwara naye alikuwa na pampu, lakini maji yake yalinuka kutu. Ukiyapikia wali, unatoka na rangi ya udongo. Ukiyachemshia chai, inakuwa nyeusi kama wino. Marehemu mumewe ndiye aliyewang'ang'ania wachimbaji waendelee kwenda chini, bomba juu ya bomba, mpaka wakadhani ameingiwa na wazimu. "Wenzake huchimba kutafuta maji," Jobeda alizoea kusema, "yeye alichimba kutafuta misumari." Anwara akiyasikia hayo alicheka pamoja na wengine, jambo lililomkera Jobeda kuliko kama angejibu.

Kiangazi cha mwaka huo akaja Tanjila, binti wa ofisi ya maji, na kisanduku cha dawa begani na makopo mawili ya rangi kwenye baiskeli. Kazi yake ilikuwa kupima kila pampu mjini kama ina aseniki, sumu ya ardhini isiyo na rangi, harufu wala ladha, ambayo humla mtu polepole kwa miaka. Pampu safi ilipakwa rangi ya kijani mdomoni, yenye sumu ikapakwa nyekundu. Akaanza kwa Anwara. Akatia maji kwenye kichupa, akanyunyiza unga wake, akafunika kwa kijikaratasi cheupe na kusubiri. Kijikaratasi kikabaki cheupe. Jobeda, aliyekuwa akichungulia juu ya uzio, akaona vyema: kama maji ya misumari yamefaulu, yake yatapewa zawadi.

Kijikaratasi cha Jobeda kikageuka njano, kisha kahawia.

Tanjila alieleza kwa upole. Alisema maji hayo yanafaa kufulia na kuogea tu, yasinywewe wala kupikiwa, na kwamba kuyachemsha hakusaidii, sumu hiyo haiogopi moto. Jobeda alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza ni wapi duniani alipowahi kuona sumu tamu. Akamwonyesha mumewe Motaleb, fundi cherehani, aliyekuwa barazani akishona kanzu. Mwanamume huyu, alisema, ameyanywa maji haya tangu siku ya harusi yetu, na anakula sahani mbili za wali mpaka leo.

Tanjila akamwomba Motaleb amwonyeshe viganja vyake. Vilikuwa na vipele vigumu vilivyotapakaa kama chembe za mtama. Motaleb akavirudisha mapajani haraka na kusema ni mkasi huo, mkasi unamsugua.

"Mkasi unaushika kwa mikono yote miwili, baba?" Tanjila akauliza.

Motaleb akarudi kwenye kanzu yake. Jioni hiyo mdomo wa pampu ya Jobeda ulikuwa mwekundu kama pilipili, na ule wa Anwara kijani kama jani la mgomba.

Jobeda alinuna. Alikwenda ofisi ya maji, akarudi, akaenda tena. Alidai kichupa chake kimechanganywa na cha jirani, kwa kuwa kila mwenye ulimi anajua maji gani ni mabaya kati ya yale mawili. Alikaa kwenye benchi la ofisi hiyo akiwasimulia wageni wote, hadi mkubwa wa Tanjila akasalimu amri, akaagiza maji ya pampu zote mbili yapelekwe kupimwa kwenye maabara ya mji wa wilaya.

Basi Tanjila akaleta chupa mbili, moja imeandikwa Jobeda, nyingine Anwara. Anwara mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumchukua bintiye Laboni kutoka ukweni, aliyekuwa na mimba ya kwanza na aliyetakiwa ajifungulie kwa mama yake. Tanjila, ambaye alikuwa na pampu za mitaa mitatu zikimsubiri, akaziacha chupa zote mbili kwa Jobeda, akamwomba azijaze asubuhi naye atazipitia kabla ya basi kuondoka.

Asubuhi Jobeda akasimama uani na chupa mikononi, akafikiri. Kichwani mwake hesabu ilikuwa nyepesi. Mara ya kwanza walichanganya. Watu waliochanganya mara moja watachanganya tena, ndiyo tabia yao. Kwa hiyo yeye akizichanganya kwanza, nao wakazichanganya kwa kawaida yao, kila chupa itarudi kwa mwenyewe na haki itapatikana. Akapita kwenye tundu la uzio, akajaza chupa yenye jina lake kwa maji ya Anwara. Akarudi, akajaza chupa ya Anwara kwa maji yake. Alifanya hivyo bila woga, kama mtu anayenyoosha shuka lililokunjwa vibaya na mwingine. Alimweleza hata mumewe. Motaleb alisema tu kwamba yeye ni fundi wa nguo, mambo makubwa hayo hayamhusu.

Majibu yalipokuja, Tanjila alirudi na makopo yake akiwa amekunja uso. Maabara, alisema, imekuta maji ya Jobeda ni salama na ya Anwara ndiyo yenye sumu, kinyume kabisa cha kipimo chake. Lakini neno la maabara ndilo kubwa, akabadilisha rangi. Aliahidi kurudi kuhakikisha akishamaliza vijiji vya ng'ambo ya mto.

Jobeda alikaribia kuruka. Akaagiza jilapi, zile tambi tamu za kukaanga zilizochovywa kwenye shira, akazigawa kwa mikono yake mwenyewe kuanzia mlangoni kwake hadi dukani kwa muuza sabuni. Wanawake wakaja na mitungi, wakapanga foleni, wakamwambia walijua tu. Aliporudi barazani kuchukua jilapi nyingine, Motaleb alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba.

"Ile chupa yenye jina lako," akasema, "ulichota kwa nani vile?"

"Si nilikwambia? Kwa Anwara."

"Na ndiyo iliyokutwa salama."

"Ndiyo."

Motaleb akaupitisha uzi. "Na chupa ya Anwara, ile yenye sumu, ilikuwa na maji gani?"

Shira ya jilapi ikawa inamdondokea Jobeda kwenye kiwiko. Kule uani mpini wa pampu ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na wanawake wanacheka.

"Pengine huko maabara nako walichanganya," alisema, lakini sauti ile ya kufika ng'ambo ya uzio haikuwepo.

"Pengine," Motaleb akasema. "Ila kijikaratasi cha yule binti tulikiona wote, na hakuna aliyekichanganya." Kisha akaviangalia viganja vyake kwa kitambo. Siku hiyo akaanza kunywa maji ya madafu.

Ilikuwa rahisi kusimama pale pale na kusema. Jobeda alijua hivyo, na alikusudia kusema. Lakini jilapi zilikuwa bado zinatafunwa midomoni mwa watu. Akajipa muda hadi kesho. Kwa leo, akaona, atawazuia watu wasiyanywe bila ya kujivua nguo hadharani.

Foleni ilipoisha akaichomoa wasa ya ngozi, kile kiduara kinachovuta maji ndani ya pampu, akaificha chini ya pipa la mchele, akatangaza kwamba pampu imekufa. Kabla ya chakula cha mchana Gofur, fundi wa pampu, alikwisha fika na wasa mpya, tena akakataa malipo, akisema ataona haya kumtoza mama wa maji ya mji mzima. Kesho yake Jobeda akasema maji yana harufu. Wanawake wakayanusa, wakayaonja, wakaongeza mtungi wa pili. Akasema amemwona nyoka kwenye migomba. Wakaja na waume zao wenye marungu, na waume nao walikuwa na kiu. Kila alipojaribu kuwafukuza walizidi kumpenda, wakisema sifa zimempata na bado anajishusha.

Yeye mwenyewe alishindwa kuyanywa. Mchana, jua likiwa kali na mtaa mzima umelala, alipita kwenye tundu la uzio na kwenda kuchota maji kwenye pampu ya Anwara, iliyopakwa nyekundu, akaingia na mtungi ndani kwake kama mwizi wa kuku.

Kisha Anwara akarudi na Laboni. Akaikuta pampu yake imepakwa nyekundu, akaiangalia, akapumua, akasema kumbe marehemu alichimbia sumu, Mungu amsamehe. Hakulalamika zaidi. Asubuhi iliyofuata akaja kwa Jobeda na mtungi kiunoni, Laboni nyuma yake, tumbo mbele, anatembea kwa kuyumba kama bata.

"Shoga, sina uso wa kuomba," Anwara akasema. "Lakini mtoto huyu anakunywa kama ng'ombe, na daktari anasema anywe."

Laboni alikwisha kuushika mpini. Jobeda aliuona mkono ule mwembamba wenye bangili, akaliona tumbo. Akamnyang'anya mpini. Akasema mjamzito hapigi pampu kwenye nyumba yake, hata mama yake asibebe, na kwamba tangu leo yeye Jobeda ndiye atakayewapelekea maji mlangoni. Anwara alijaribu kukataa. Jobeda akamzidi kwa kelele.

Basi ikawa hivyo. Jobeda alipita kinyemela kwenye tundu la uzio, akachota maji kwenye pampu ya Anwara nyuma ya nyumba ya Anwara, akarudi nayo kwake, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka barabarani mtungi kiunoni akisalimiana na watu, akampelekea Anwara maji ya Anwara. Alimwambia Motaleb kwamba mgongo unamuuma. Motaleb akamjibu kwamba bado hajaona mtu anayehangaika hivi ili kukwepa sentensi moja.

Mjini habari zikaenea. Mwanamke aliyekuwa akimsimanga jirani yake kwa misumari sasa anambebea maji kama binti yake. Imamu alimsifu kwenye mawaidha ya Ijumaa bila kutaja jina, na kila mtu akageuka kumtazama Motaleb. Jobeda alizipokea sifa hizo akiwa ameinamisha macho, na watu wakasema tazama, hata unyenyekevu anao. Usiku hakupata usingizi, kwa maana wanawake wa foleni walikuwa wanaendelea kuchota uani mwake, na watoto wao wananywa. Alikuwa amemwokoa mtoto mmoja ambaye hajazaliwa, waliozaliwa wote akawaacha.

Anwara hakuwa mtu wa haraka, lakini hakuwa mjinga. Siku ya kwanza chai yake ilipogeuka nyeusi alidhani ni majani. Siku ya pili akabadilisha majani. Siku ya tatu wali wa Laboni ukatoka na rangi ya udongo, na Laboni akasema kwa furaha kwamba una ladha ya nyumbani. Anwara akaweka kijiko chini. Mchana huo hakulala. Aliketi nyuma ya mlango wa jiko, ambao ulikuwa na ufa, akasubiri.

Jobeda alitokea kwenye uzio, kichwa kwanza, kisha bega, kisha mtungi. Ushungi wake ukanasa kwenye mwanzi, akaunasua kwa matusi ya chini chini. Akaanza kupiga pampu polepole ili isilie.

"Mafuta ya kupaka hiyo yapo huku," Anwara akasema akiwa mlangoni. "Ungeomba tu."

Jobeda aliganda na mpini mkononi. Maji yaliendelea kumwagika kidogo kwenye mtungi, kisha yakakatika.

"Nilikuwa napita," akasema.

"Kwenye tundu?"

Jobeda akatazama uzio kama kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuliona tundu lile. Kisha akakaa chini pale pale, kwenye saruji yenye maji, na kuyatoa yote: chupa, hesabu yake ya kuchanganya waliochanganya, jilapi, wasa chini ya pipa la mchele, nyoka ambaye hakuwepo. Alisema bila kupumzika, na kwa mara ya kwanza tangu Anwara amjue, alisema kwa sauti ndogo. Anwara alimsikiliza akiwa amesimama. Ilipofika habari ya kuzunguka barabarani na mtungi, mdomo wake ulianza kutetemeka. Akajizuia, akashindwa, akacheka hadi akashika ukuta.

"Umenibebea maji yangu," akasema. "Juani. Kwa mgongo wako huo."

"Cheka," Jobeda akasema. "Ninastahili."

Lakini Anwara alikwisha acha kucheka. Akamuuliza wale wanawake wengine na watoto wao, nao anawabebea? Anwara akasema yeye hatamwambia mtu neno, si leo wala mwakani. "Mimi nikisema, watasema mjane ana kijicho. Useme wewe. Tena kesho asubuhi, foleni ikiwepo."

Kesho asubuhi Jobeda akapanda juu ya kigoda mbele ya pampu yake na kuwaambia. Aliyaeleza kwa urefu na kwa maneno mazito, mara mbili, na alipomaliza akasubiri kuzomewa. Hakuna aliyemzomea. Wanawake walitazamana, kisha mke wa muuza sabuni akasema kwa huzuni kwamba sasa wameelewa: Jobeda amechoka nao. Mwingine akasema ni choyo, mtu akisifiwa sana mwisho wake ni huo. Wa tatu, mwenye huruma zaidi, akasema ni jua la barabarani, anabeba sana mizigo siku hizi, akili imechemka. Jobeda akaapa. Wakamwambia ashuke kwenye kigoda asije akaanguka. Kwa miaka yote aliwahubiria utamu wa maji yake, wakaamini. Siku moja ya kweli haikutosha kuuondoa. Mtungi wa kwanza ukasogezwa chini ya mdomo wa pampu.

Hapo Motaleb, ambaye hakuwahi kusema zaidi ya sentensi mbili mbele ya wanawake, akatoka barazani na tepu yake ya kupimia shingoni. Akapita katikati yao, akasimama mbele ya mtungi na kunyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

"Hivi si vya mkasi," akasema. "Nilidanganya. Nina miaka nayanywa maji haya. Tazameni."

Wakatazama. Walimjua Motaleb kwa nguo alizowashonea, hakuna aliyewahi kutazama mikono iliyozishona. Mke wa muuza sabuni akagusa kipele kimoja kwa ncha ya kidole, akarudisha mkono. Kisha, bila kuambiwa, akakigeuza kiganja cha mwanawe na kukikagua, na wenzake nao wakavigeuza vya watoto wao. Mikono ya watoto haikuwa na vipele, ila tope tu. Mtungi ukaondolewa.

Jobeda alikuwa bado juu ya kigoda. Alikuwa amemwona mumewe akiwaficha watu viganja hivyo kwa ajili yake, kusudi asiaibike, na sasa akamwona anavitoa kwa ajili yake pia. Akashuka, akajifuta uso kwa ushungi, akasema ni jasho.

Tanjila aliitwa kutoka ng'ambo ya mto. Akapima upya pampu zote mbili mbele ya kadamnasi, na safari hii alijaza vichupa mwenyewe na hakumpa mtu kushika hata kifuniko. Kijikaratasi cha Jobeda kikawa kahawia, cha Anwara kikabaki cheupe. Tanjila alimkaripia Jobeda kwa maneno ya ofisini, marefu, kisha akajikaripia na yeye kwa kuziacha chupa. Akawaeleza kwamba sumu hiyo huwa kwenye tabaka za juu za ardhi, na marehemu wa Anwara kwa ubishi wake alikwisha pita hapo na kuingia kwenye maji salama. Kutu yake ni chuma tu, haiui mtu; ikipitishwa kwenye ndoo ya mchanga na changarawe hupungua. Anwara akamwomba arudie hayo ya ubishi, kwa sauti, marehemu apate haki yake. Tanjila akarudia.

Motaleb alipelekwa hospitali ya wilaya. Daktari akasema afadhali amekuja mapema, aendelee na maji safi na ale vizuri, vipele huenda vikafifia taratibu. Laboni akajifungua mtoto wa kike mwenye kelele, na wakunga wakasema sauti hiyo hawajui kairithi wapi, maana kwao wote ni wapole.

Mji mzima sasa ukahamia kwa Anwara. Foleni ilianzia kwenye pampu, ikapita jikoni, ikatokea barabarani, na ndani ya wiki hiyo ikaanza kupigana yenyewe. Anwara hakujua kumfokea mtu. Asubuhi moja akasikia kelele uani, akachungulia kwenye ufa wa mlango. Jobeda alikuwa amesimama kando ya pampu, mikono kiunoni, anawapanga watu. Mitungi ioshwe kwanza. Hakuna kunawa miguu hapa. Mwenye mgonjwa apite mbele, na mgonjwa mwenyewe aonekane, si kusimuliwa.

Laboni, aliyekuwa akinyonyesha, akamuuliza mama yake ni nani aliyempa mwanamke huyu ukubwa kwenye pampu ya watu.

"Hakuna aliyempa," Anwara akasema. "Mpelekee chai, atapasuka koo."